Mita Arobaini za Migomba

Nyabiyonza, kama kwingineko katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mji wa mtu haumaanishi jengo moja. Mbele kuna nyumba kubwa ya matofali ya kuchoma iliyoezekwa bati. Nyuma yake kuna jiko, stoo ya kahawa na maharage, banda la ng'ombe, na mara nyingi vyumba viwili vitatu vya uani. Huko uani analala kijana ambaye bado hajajenga kwake, au amepanga mwalimu wa shule ya jirani. Na kati ya majengo hayo yote iko migomba. Wanyambo, wenyeji wa huku, hujenga ndani ya kibanja, si kando yake: mgomba unamea karibu kugusa ukuta, mbuni uko chini ya mgomba, na maharage yako chini ya mbuni.

Intaneti ilipofika ilianzia nyumba kubwa. Ruta inayotumia laini ya simu huwekwa sebuleni, juu ya kabati la televisheni, kwa sababu ndiko kwenye soketi na ndiko anakokaa aliyenunua bando. Hapo kila kitu kinakwenda vizuri. Lakini anayeihitaji zaidi mara nyingi ni yule wa uani: mwanafunzi wa chuo anayesoma kwa masafa, mwalimu anayeandaa mitihani, au binti anayeuza nguo kwa picha za simu. Kutoka sebuleni hadi mlangoni kwake ni mita 40, pengine pungufu. Akifika nusu ya njia simu inabaki na kijiti kimoja, na akifunga mlango wake wa chuma hata hicho kinatoweka.

Wengi hukimbilia dukani Omurushaka au Kayanga kutafuta ruta yenye nguvu zaidi, ikiwezekana yenye antena sita badala ya mbili. Ni fedha inayopotea. Nguvu ya ruta si tatizo, na hilo linaweza kuthibitishwa kwa hesabu.

Nguvu ya mawimbi ya redio hupimwa kwa desibeli, na programu za bure za simu huonyesha kipimo hicho kama namba hasi. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Kwenye −50 mtu anafanya lolote alitakalo. Kwenye −67 simu ya video bado inasikika bila kukatika. Kwenye −80 ujumbe mfupi unapita kwa shida, na −90 ni sawa na hakuna. Desibeli 3 zikipungua, nusu ya nguvu imekwenda. Zikipungua 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Sasa chukua ruta ya kawaida ya nyumbani inayorusha kwenye masafa ya gigahezi 2.4 na uiweke kwenye uwanja mtupu, usio na ukuta wala mti. Ukisimama mita 40 kutoka hapo, simu yako itasoma karibu na −50. Umbali peke yake, kwa hiyo, haujaharibu kitu. Ruta ileile iliyodharauliwa inamfikia kijana wa uani bila taabu, ilimradi njia iwe wazi.

Njia haiko wazi. Ukuta wa matofali hula desibeli 6 hadi 10, na kuna kuta mbili angalau: ya kutokea nyumba kubwa na ya kuingilia uani. Hapo tumeshafika −62 au chini zaidi. Mita 20 za majani mabichi yaliyosongamana hula nyingine 10 hivi. Mlango wa chuma, au ukuta wa bati kama wa stoo nyingi, hurudisha mawimbi yalikotoka na kuacha machache mno yapite. Hata wavu wa banda la kuku ni kikwazo, kwa sababu matundu yake ni madogo sana mbele ya wimbi lenye urefu wa sentimita 12.5. Jumlisha yote, na ile −50 ya uwanjani imekuwa −90 kitandani kwa kijana.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Mazungumzo ya waifai ni ya pande mbili. Hata ruta kubwa ikipiga kelele hadi uani, simu lazima ijibu, na simu hurusha kwa nguvu ndogo ili kulinda betri yake. Ndiyo maana mara nyingine vijiti vinaonekana vimejaa lakini ukurasa haufunguki: simu inaisikia ruta, ila ruta haiisikii simu.

Mgomba unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu vitabu vya mafundi vilivyoandikwa Ulaya na Marekani havina mgomba ndani yake. Shina lake si mti. Ni maganda ya majani yaliyoviringishwa, na zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za uzito wake ni maji. Tanuri ya maikrowevu hutumia masafa ya karibu gigahezi 2.45 kupasha chakula, kwa kuwa maji hunyonya nishati ya mawimbi hayo. Na waifai ya nyumbani inatembea kwenye masafa hayohayo, ila kwa nguvu ndogo sana. Kwa hiyo kichaka cha migomba kati ya nyumba mbili ni ukuta wa maji. Tena ni ukuta unaobadilika. Mwezi wa Agosti, majani yakiwa yamepungua na kukauka, kijana wa uani anaweza kupata mtandao na kudhani mambo yamekaa sawa. Novemba mvua inanyesha, majani mapya yanafunguka yakiwa yamelowa, na malalamiko yanarudi. Fundi anayepima kiangazi amepima kibanja kingine kabisa.

Masafa ya gigahezi 5, ambayo ruta za sasa hujivunia kwa kasi, huteseka zaidi kwenye majani na kuta. Yanafaa ndani ya chumba kimoja, au mahali ambapo vifaa viwili vinaonana ana kwa ana. Kinyume chake, masafa ya chini hupenya vizuri zaidi, na ukweli huo umeshatumika hapa nchini. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, wakishirikiana na tawi la Tanzania la Internet Society, walipojenga mtandao wa jamii wa Kondoa, walitumia nafasi zilizoachwa wazi katika masafa ya televisheni, yaliyo chini kabisa ya yale ya waifai, kufikisha intaneti kwenye shule za huko. Vifaa vya namna hiyo havipatikani dukani kwa matumizi ya nyumba na banda, wala haviruhusiwi bila kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Mwenye mji wa Nyabiyonza atafanya kazi na waifai ya kawaida, na waifai ya kawaida lazima ikwepe migomba badala ya kushindana nayo.

Kuikwepa kunadai kutenganisha kazi mbili ambazo ruta ya sebuleni inafanya kwa pamoja. Kazi ya kwanza ni kusafirisha intaneti kutoka jengo hadi jengo. Ya pili ni kuigawa kwa simu na kompyuta zilizo ndani ya jengo. Ya kusafirisha inahitaji njia moja nyembamba na imara. Ya kugawa inahitaji kifaa kidogo kilicho karibu na watu. Anayetaka ruta moja izifanye zote mbili kupitia kuta na majani ndiye anayeishia kununua antena sita.

Karagwe imewahi kuona mpango huu ukifanya kazi kwa sura nyingine. Shirika la FADECO, lililoanzishwa na Joseph Sekiku, lilikuwa likipokea taarifa za kilimo kwa setilaiti kupitia vipokezi vya WorldSpace, wakati intaneti ya kawaida ilikuwa haijafika. Taarifa zikishapokelewa mahali pamoja zilitafsiriwa na kusambazwa kwa wakulima, na baadaye kwa redio ya jamii ya shirika hilo, ambayo mkulima aliisikiliza kwa redio yake ya betri. Kiungo kimoja kizuri kilileta taarifa, na chombo rahisi kilizigawa.

Kati ya njia za kusafirisha, ya zamani kuliko zote ni waya wa shaba: ule wa jozi nne za nyuzi, wenye kichwa cha plastiki angavu kila upande. Unafika mita 100 bila kupoteza kasi, hautetereki kwa mvua, na mgomba hauuhusu. Kazi yake inafanyika kwa mikono na inajifunzwa kwa mchana mmoja. Fundi huchuna ganda la nje, hufungua zile jozi nne zilizosokotana, huzinyoosha kwa vidole na kuzipanga: nyeupe ya machungwa, machungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Huzikata ncha ziwe sawa, huzisukuma zote nane kwa pamoja ndani ya kichwa hadi zionekane zimegota mwisho, kisha hubana kwa koleo lake hadi lilie. Uzi mmoja ukiwa haujafika mwisho, au bluu na kijani zikibadilishana nafasi, waya wote ni bure, na kosa hilo ni rahisi kulipita bila kifaa cha kupimia.

Ubora wa waya nao ni mtihani. Madukani umejaa waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Ni wa bei nafuu, unakatika ukikunjwa, na hauwezi kubeba vizuri umeme wa kuendeshea kifaa kilicho upande wa pili. Njia rahisi ya kuutambua ni kukwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona nyeupe chini ya rangi ya shaba, huo si wa kununua. Na unaopita nje uwe wa ganda jeusi lililotengenezwa kuhimili jua, au upitishwe kwenye bomba la plastiki lililofukiwa chini kuliko jembe linapofika. Katika kibanja ambako kila msimu kuna palizi, waya uliofukiwa kina cha kiganja hautadumu hadi mavuno.

Hata hivyo, kuunganisha majengo mawili kwa shaba huku mkoani Kagera kuna hatari ambayo mwandishi wa sura hii anaiona kubwa kuliko faida. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Watu wa kanda hii hawahitaji kuambiwa. Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi wakiwa shuleni katika mkoa jirani wa Geita. Radi haina haja ya kupiga nyumba ili iharibu vifaa. Ikipiga ardhini karibu, volti ya udongo chini ya nyumba kubwa inaweza kupishana mno na ya chini ya vyumba vya uani, hata kama majengo yanatenganishwa na mita 40 tu. Waya wa shaba unaoyaunganisha unakuwa njia ya umeme kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na katikati ya njia hiyo iko ruta, iko kompyuta, na pengine mkono wa mtu ulioshika kompyuta. Vizuizi vya radi vinapatikana na husaidia, ila vinategemea fimbo ya shaba iliyochimbiwa ardhini ipasavyo, na hicho ndicho kipengele ambacho mafundi wengi hukiruka. Kwa majengo mawili tofauti, shaba iwe chaguo la mwisho.

Faiba haina tatizo hilo. Uzi wa kioo unabeba mwanga, haupitishi umeme, na radi haiujui. Kwa muda mrefu ilionekana kuwa kitu cha serikali na kampuni kubwa, kama mkongo wa taifa wa mawasiliano unaoendeshwa na TTCL, ambao umefika Bukoba na kuvuka mpakani Mutukula hadi Uganda. Siku hizi kipande cha mita 50 chenye vichwa vilivyokwisha kufungwa kiwandani kinanunulika, pamoja na vigeuzi viwili vidogo vya kubadili mwanga kuwa data ya waya na kuirudisha. Inatakiwa kuchagua kebo isiyo na uzi wa chuma ndani yake, kwa maana baadhi ya faiba za kutundika juu huwekewa chuma cha kuziimarisha, na chuma hicho hurudisha hatari ileile ya radi. Na isikunjwe kwa pembe kali: kioo kinapinda, ila kina kiwango chake.

Njia ya tatu ndiyo inayozidi kupendwa vijijini, na kwa haki: daraja la waifai. Ni vifaa viwili vidogo vyeupe, kila kimoja na antena inayotazama upande mmoja tu. Kimoja kinafungwa ukutani kwenye nyumba kubwa, kingine uani, vikitazamana. Ruta ya sebuleni hutawanya mawimbi yake kila upande, mpaka bandani kwa ng'ombe. Antena ya daraja huyakusanya kama kioo cha tochi kinavyokusanya mwanga. Kifaa cha kawaida cha gigahezi 5, kama CPE510 ya TP-Link, kina antena ya desibeli 13, yaani mawimbi yanayoelekea mbele yana nguvu mara 20 kuliko yangekuwa yametawanywa sawasawa. Na kwa kuwa kila upande una antena hiyo, faida inapatikana mara mbili, wakati wa kurusha na wakati wa kupokea. Kwa mita 40 vifaa hivyo huwa na nguvu kupita kiasi. Fundi makini huingia kwenye mipangilio na kuipunguza, kwa sababu vikipigiana kelele karibu hivyo vipokezi huzidiwa.

Umbali ambao mawimbi haya yanaweza kusafiri njia ikiwa wazi ni wa kushangaza. Mwaka 2007, nchini Venezuela, kundi lililoongozwa na Ermanno Pietrosemoli liliunganisha vilele viwili vya milima vilivyoachana kwa kilomita 382, likitumia ruta za dukani zilizobadilishwa programu na madishi makubwa. Karibu na kwetu, kisiwa cha Idjwi katikati ya Ziwa Kivu, upande wa Kongo, kilipata mtandao wa jamii uitwao Pamoja Net kwa kurushiwa mawimbi juu ya maji. Kaskazini mwa Uganda, mradi wa BOSCO wa Jimbo Kuu la Gulu uliunganisha kambi za wakimbizi wa ndani kwa viungo vya waifai vilivyoendeshwa kwa umeme wa jua, kuanzia mwaka 2007. Hakuna kati ya hao aliyekuwa na ruta ya miujiza. Walikuwa na milima, maji matupu, au minara iliyopita juu ya miti.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye mji wa Nyabiyonza ni urefu wa migomba yake. Ndizi za kupika za nyanda hizi hufika mita 4 au 5, na hata zaidi kwenye udongo wenye samadi ya kutosha. Kifaa kikifungwa usawa wa dirisha kitatazama majani. Kikipandishwa hadi kwenye fishabodi, au kwenye bomba fupi lililofungwa ukutani na kupita kidogo ukingo wa paa, kinaweza kuvuka juu. Kuonana kwa jicho hakutoshi. Mawimbi hayapiti kama uzi. Yanahitaji nafasi iliyotuna katikati, kama yai refu. Kwa mita 40 za masafa ya gigahezi 5, nafasi hiyo katikati ya njia ina nusu-kipenyo cha sentimita 78 hivi. Kwa gigahezi 2.4 inazidi mita moja. Jani linaloingia humo linapunguza nguvu hata kama vifaa bado vinaonana. Na jani jipya la mgomba hufunguka kila baada ya wiki chache. Anayefunga daraja lake usawa wa majani ya leo atalazimika kushika panga baada ya msimu mmoja, na wake au mama wa mji, ambao migomba ni riziki yao, wana haki ya kulikataa panga hilo.

Pengine majengo yenyewe ni mafupi na migomba imeyapita. Hapo dawa huwa ni kutafuta upenyo: njia ya kwenda kisimani, uwanja wa kuanikia kahawa, mpaka ulioachwa wazi kwa ajili ya ng'ombe kupita. Mara nyingi kona ya jengo inayoangalia upenyo huo ina kazi zaidi kuliko mlingoti wa mita sita. Mlingoti wa chuma uliopita paa kwa kiasi kikubwa, katika eneo la radi, ni kualika matatizo. Ukilazimika, uunganishwe na fimbo ya ardhini.

Viongezaji vya kuchomekwa kwenye soketi, vile vidogo vinavyouzwa kwa ahadi kubwa, havihitaji maelezo mengi. Husikiliza kisha hurudia vilichosikia, kwa redio ileile, hivyo vya bei ndogo hupunguza kasi kwa nusu. Kikiwekwa uani ambako hakuna mawimbi, hakina cha kurudia. Vifaa vya kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme wa nyumba hufaa pale tu ambapo jengo la nyuma linapata umeme kutoka mita ileile ya nyumba kubwa, na hata hapo mafanikio ni ya kubahatisha.

Daraja au faiba ikishatua uani, kazi ya pili ndiyo inayobaki: kugawa. Ruta yoyote ya zamani iliyotupwa kwenye droo inaweza kuifanya, lakini ni hapa ambapo kazi nzuri huharibika dakika ya mwisho. Mtu huchomeka waya kwenye tundu lililoandikwa intaneti, huwasha, na vyumba vya uani vinakuwa na mtandao wao peke yao: printa ya nyumba kubwa haionekani, na baadhi ya programu hugoma. Au huchomeka sehemu sahihi lakini huacha ruta zote mbili zikigawa anwani, na simu zinapewa maelekezo yanayogongana. Ruta ya pili inatakiwa izimwe kazi ya kugawa anwani, yaani DHCP. Ipewe anwani yake isiyofanana na ya kwanza, kwa mfano 192.168.1.2 ikiwa ya kwanza ni 192.168.1.1, kisha waya uingie kwenye moja ya matundu ya kawaida, si lile la intaneti. Jina la mtandao na nywila vinaweza kufanana na vya nyumba kubwa, ili simu ihame yenyewe mtu anapotembea. Ila chaneli zitofautiane: ya mbele ikitumia 1, ya uani itumie 6 au 11.

Umeme hauwezi kuachwa nje ya hesabu. Kagera ilitegemea kwa miaka mingi umeme unaonunuliwa Uganda na kuingia kupitia Mutukula, na mradi wa maji wa Rusumo wenye megawati 80, zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, umekuja kuongeza nguvu kwenye kanda. Hata hivyo umeme hukatika, na ukikatika upande mmoja wa daraja, pande zote mbili zimezimika. Vifaa hivi havili sana. Kifaa cha daraja hutumia wati 5 hivi, ruta ndogo wati 6. Wati 11 za uani zinaweza kubebwa na betri ya volti 12 yenye ampia-saa 18 kwa saa 9, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema. Ruta nyingi zimeandikwa volti 12 chini yake na huweza kuunganishwa moja kwa moja, bila inveta, ilimradi kuwe na kidhibiti, kwani betri inayochajiwa hupanda hadi volti 14 na kitu. Kifaa cha daraja mara nyingi hutaka volti 24 na kitahitaji kigeuzi chake. Mafundi wa sola si wageni Karagwe: kituo cha mafunzo cha KARADEA kilikuwa kikifundisha ufungaji wa sola hapa tangu miaka ya 1990, wakati mikoa mingi ilikuwa bado haijauona ubao wa kukamata jua.

Na majirani? Mwenye mji akishaona daraja limevuka migomba yake, atafikiria la pili kwenda kwa ndugu wa ng'ambo ya bonde. Kiufundi linawezekana, na kwa kilomita moja au mbili vifaa vilevile vinatosha. Kisheria, kutumia waifai ndani ya mji wako ni jambo lako, lakini kuuza intaneti kwa wengine ni huduma ya mawasiliano inayohitaji leseni ya TCRA chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Mpangaji wa uani anayelipia bando pamoja na kodi yuko kwenye mstari mwembamba. Bora atengewe mtandao wa wageni wenye nywila yake na kikomo cha kasi, ili masasisho ya simu yake yasile bando la mwezi usiku mmoja.

Limebaki jambo moja ambalo lilipaswa kupimwa kabla ya kununua chochote, nalo ni mahali penyewe pa ruta. Karagwe na Kyerwa ni nchi ya migongo ya vilima na mabonde, na mnara wa simu unaweza kuwa upande wa nyuma ya mji, si wa mbele. Karibu na mpaka, simu hukamata hata minara ya Rwanda au Uganda ukikosea upande wa kilima, na bando la nyumbani halifanyi kazi huko. Fundi anayejua kazi huchukua simu, huizungusha katika mji wote, mbele na nyuma, juu ya ngazi na chini, akiandika kasi na nguvu ya mtandao wa kampuni kila anaposimama. Si ajabu akakuta kona bora kuliko zote iko kwenye vyumba vya uani, juu ya paa la stoo, ilhali sebule haijawahi kupata zaidi ya vijiti viwili. Basi vifaa vyote vinabadilishana kazi: ruta ya laini inahamia uani, daraja linatazama nyumba kubwa, na sebule ndiyo inayofungiwa kituo cha pili.